Florence Nightingale: muuguzi aliyewatetea wazee wa nyumba za maskini

BARAKA – Kila mwaka, tarehe 12 mwezi wa tano, dunia inaadhimisha siku ya wauguzi. Tarehe hiyo haikuchaguliwa ovyo. Ni siku ya kuzaliwa ya Florence Nightingale, mwanamke wa Uingereza aliyefariki zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Wanafunzi wa ITM na wa ISTM wanalisikia jina lake mapema sana katika masomo yao. Wengi wanajua habari ya taa aliyoshika usiku, akipita katikati ya askari waliolala hospitalini wakati wa vita.

Lakini ile taa ni kipande kidogo tu cha maisha yake. Vita haikumchukua hata miaka miwili. Kisha vita aliishi zaidi ya miaka 50, na sehemu ya miaka hiyo aliitoa kwa wagonjwa ambao wakubwa wa wakati ule hawakutaka hata kuwaona: wazee maskini, walemavu na wagonjwa wa muda mrefu waliofungiwa ndani ya nyumba za maskini. Alidai jambo moja ambalo wengi waliliona kuwa kichekesho. Alisema kama mzee ambaye hatapona tena anahitaji mtu aliyesomea kazi ya kumwangalia, na kama huyo mtu lazima aendelee kujifunza mpaka siku ya mwisho ya kazi yake.

Fizi na Baraka, ambako wazee wengi wako mikononi mwa watoto, wajukuu na muuguzi wa kituo cha afya kilicho karibu, habari hii bado ina uzito wake.

Mtoto wa tajiri aliyekataa kuolewa

Florence alizaliwa tarehe 12 Mei 1820 katika mji wa Florence, nchini Italia, wakati wazazi wake walikuwa safarini. Ndiyo sababu walimpa jina la mji huo. Dada yake mkubwa, Parthenope, naye alipewa jina la fasi alipozaliwa. Familia ilikuwa na mali nyingi. Ilikuwa na nyumba mbili kubwa mashambani Uingereza, na baba, William Edward Nightingale, aliwafundisha mabinti zake yeye mwenyewe: lugha za kale, historia na hesabu. Kwa wakati ule, msichana kufundishwa vile halikuwa jambo la kawaida.

Alipokuwa na miaka 16, aliamini kwamba Mungu amemwita kwa kazi fulani. Hakujua ni kazi gani. Ilimchukua miaka mingi kuelewa kwamba ni kuangalia wagonjwa. Kunako 1845 aliomba ruhusa ya kwenda kujifunza katika hospitali moja karibu na nyumbani kwao. Mama yake na dada yake walilia, na baba akakataa. Hawakuwa watu wabaya. Uuguzi wa wakati ule ulikuwa kazi ya mwanamke aliyekosa kazi nyingine. Watu walisema wauguzi wanakunywa, wanaiba chakula cha wagonjwa, na hawajui hata kusoma. Mzazi gani wa heshima angekubali binti yake aingie humo?

Florence alingoja. Alisoma kwa siri ripoti za hospitali, asubuhi kabla ya wengine kuamka. Kijana mmoja wa familia kubwa, Richard Monckton Milnes, alimfuata miaka mingi akitaka kumwoa. Alimpenda, lakini kunako 1849 alimkataa kwa sababu aliona ndoa ile itamfunga ndani ya maisha ya karamu na wageni. Mama yake alikasirika sana.

Kunako 1851, akiwa na miaka 31, mwishowe alipata ruhusa ya kukaa miezi mitatu Kaiserswerth, Ujerumani. Hapo mchungaji Theodor Fliedner alikuwa ameanzisha nyumba ya kuwafundisha wanawake wa kanisa kuangalia wagonjwa. Waliamka mapema, walikula chakula cha kawaida, walifunga vidonda na kukaa na watu waliokaribia kufa. Binti wa tajiri aliandikia nyumbani kuwaambia kwamba sasa anajua maana ya kuishi.

Miaka miwili baadaye, 1853, alipewa kusimamia nyumba ndogo ya London ya kuangalia wanawake wagonjwa waliosoma lakini wasiokuwa na mali. Wengi walikuwa walimu wa nyumbani, waliofundisha watoto wa watu maisha yote na sasa hawakuwa na wa kuwatunza. Florence aliagiza maji ya moto yafike juu kwa bomba, chakula kipandishwe kwa mashine ya kamba, na kila mgonjwa awe na kengele ya kumwita muuguzi. Alikuwa amehesabu ngazi. Aliona kwamba muuguzi anayepanda na kushuka ngazi siku nzima hana tena nguvu za kumwangalia mgonjwa.

Vita, na hesabu ya wafu

Mwaka uliofuata Uingereza, Ufaransa na Uturuki walikuwa vitani na Urusi, katika eneo la Crimea. Magazeti ya London yaliandika jinsi askari waliojeruhiwa walivyokuwa wanakufa bila huduma. Waziri Sidney Herbert, rafiki wa Florence, alimwomba aongoze kundi la wauguzi. Mwezi wa kumi 1854 aliondoka na wanawake 38, na mwanzo wa mwezi wa kumi na moja wakafika Scutari, ng'ambo ya mji wa Istanbul.

Hospitali ilikuwa kambi ya askari iliyogeuzwa. Chini yake mifereji ya uchafu ilikuwa imeziba. Wagonjwa walilala wamebanana, wengi wakiwa na kuhara, kipindupindu na homa. Florence alinunua mashuka, sabuni, sahani na mashati, akapanga jiko na mahali pa kufulia. Hata hivyo watu walizidi kufa. Mwezi wa pili 1855 hesabu ilifika wafu karibu 42 kwa kila wagonjwa 100. Ilianza kushuka sana tu wakati wajumbe wa serikali walipofika mwezi wa tatu, wakazibua mifereji, wakafungua madirisha na kusafisha maji.

Vitani huko kulikuwa pia mwanamke mweusi kutoka Jamaica, Mary Seacole, aliyejifunza dawa kwa mama yake na kuangalia wagonjwa wa kipindupindu na homa ya manjano katika nchi za Amerika. Aliomba kutumwa pamoja na wauguzi wa serikali, akakataliwa. Alikwenda kwa feza zake mwenyewe, akafungua nyumba ya chakula na matibabu karibu na uwanja wa mapigano. Askari walimpenda. Sifa zake zilisahaulika kwa miaka mingi, na leo jina lake limerudi vitabuni.

Florence mwenyewe aliugua homa kali huko Crimea, na hakupona kabisa. Aliporudi Uingereza mwezi wa nane 1856, watu walimngojea kwa shangwe, lakini aliingia nyumbani bila kumwambia mtu. Kisha alikaa na William Farr, mtaalamu wa takwimu, wakapiga hesabu za vifo. Ndipo alipoona ukweli mzito: wengi wa askari hawakuuawa na risasi, waliuawa na uchafu wa hospitali, na hospitali yake mwenyewe ilikuwa kati ya zile mbaya zaidi. Alikuwa ametumika usiku na mchana ndani yake bila kuelewa.

Kutoka hapo, hakuamini tena kwamba moyo mwema peke yake unatosha. Alichora michoro ya takwimu ili wakubwa wa serikali waone kwa macho, na kunako 1858 akawa mwanamke wa kwanza kuingizwa katika chama cha watakwimu cha Uingereza.

Shule ya kwanza

Wakati wa vita, wananchi walikuwa wamechanga zaidi ya pauni 44,000 kwa heshima yake. Feza hizo hakuzila. Mwezi wa saba 1860 zilifungua shule ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas, London. Darasa la kwanza lilikuwa na wanafunzi 15. Walijifunza mwaka mmoja ndani ya wodi, chini ya msimamizi Sarah Wardroper. Kila mwanafunzi alipaswa kuandika yale aliyoyaona kwa wagonjwa, na tabia yake ilipimwa pamoja na ujuzi wake.

Karibu wakati ule alitoa pia kitabu kidogo juu ya uuguzi, kilichoandikwa zaidi kwa akina mama wanaouguza watu wao nyumbani. Mambo yake ni ya kila siku: hewa safi, mwanga, maji masafi, utulivu, chakula. Alionyesha kwamba chakula kikiachwa kando ya kitanda tangu asubuhi mpaka jioni, mgonjwa anapoteza hamu hata ya kile kidogo ambacho angeweza kula. Alishauri mtu anayeongea na mgonjwa aketi mbele yake, ili asilazimike kugeuza shingo. Aliwakataza wageni kunong'ona mlangoni, na kumpa mgonjwa matumaini ya uongo. Na juu ya vidonda vinavyotokea mgongoni na kiunoni kwa mtu anayelala muda mrefu, alisema wazi kwamba mara nyingi kosa si la ugonjwa, ni la yule anayeuguza.

Kwa familia yenye mzee asiyeweza kugeuka mwenyewe, hakuna maneno yanayogusa zaidi ya hayo.

Kilio kutoka nyumba za maskini

Ili kuelewa vita yake ya pili, lazima kujua nyumba za maskini za Uingereza zilikuwa nini. Sheria ya 1834 ilipanga kwamba maskini anayetaka msaada aingie ndani ya nyumba maalum, na kwamba maisha ya humo yawe magumu makusudi, ili mtu mwenye nguvu asipende kukaa. Walioingia kwa wingi lakini si wale wenye nguvu. Walikuwa vikongwe, wajane, viwete, vipofu, wenye akili iliyochoka. Mji ulipokua na viwanda, vijana walitawanyika kutafuta kazi, na mzee aliyebaki pekee hakuwa na fasi nyingine ya kwenda.

Ni nani aliyewauguza? Maskini wenzao. Mwanamke mzee aliyeweza bado kusimama aliambiwa awaangalie wasioweza kusimama. Wengi hawakujua kusoma karatasi iliyobandikwa kwenye chupa ya dawa. Malipo yao yalikuwa chakula cha ziada ao pombe.

Mwezi wa kumi na mbili 1864, kibarua mmoja kutoka Ireland, Timothy Daly, alifariki London baada ya kulala katika chumba cha wagonjwa cha nyumba ya maskini ya Holborn. Alikuwa kijana bado. Mwili wake ulikuwa na vidonda vya kulala ambavyo hakuna aliyevisafisha. Magazeti yaliandika, watu wakasikitika. Florence hakutaka habari ile ipite tu. Aliandika mara moja kwa Charles Villiers, waziri aliyesimamia mambo ya maskini, akimwomba uchunguzi wa nyumba zote za London na wauguzi waliofundishwa.

Wakati huohuo, mfanyabiashara wa Liverpool, William Rathbone, alikuwa na shida ileile. Mke wake alikuwa amefariki 1859, na muuguzi aliyemtunza alimfanya afikiri juu ya wale wanaokufa bila mtu. Rathbone alimlipa muuguzi huyo awatembelee maskini manyumbani mwao. Halafu aliona kwamba hali mbaya zaidi ilikuwa Brownlow Hill, nyumba ya maskini ya Liverpool, iliyokuwa na wagonjwa zaidi ya 1,000. Alikubali kulipa gharama za majaribio kwa miaka mitatu, akamwomba Florence ampatie watu.

Florence alimchagua Agnes Jones. Alikuwa mwanamke wa miaka 32 hivi, wa familia ya Ireland, aliyepita Kaiserswerth na kisha shule ya St Thomas. Mwaka 1865 Agnes aliingia Brownlow Hill na wauguzi 12 kutoka shule hiyo. Waliungana na wanafunzi 18, pamoja na wanawake 54 wa nyumba ileile ambao wangefundishwa kazi na kupewa malipo kidogo.

Mwanzo ulikuwa mchungu. Wagonjwa walilala na nguo zilezile kwa majuma mengi. Wengine walikuwa wawili kwenye kitanda kimoja. Wanawake wa nyumba walipopata mshahara wao wa kwanza, wengi walikwenda kulewa, na baada ya miezi michache zaidi ya nusu walikuwa wamefukuzwa. Agnes aligombana na msimamizi wa nyumba, aliyeona huyu mama anamwingilia madaraka yake. Alimwandikia Florence mara kwa mara, na Florence, akiwa mgonjwa kitandani kwake London, alimjibu: mara akimtuliza, mara akimkumbusha kwamba yuko shuleni bado.

Polepole mashuka yakawa safi, dawa zikatolewa kwa saa yake, wagonjwa wakageuzwa, na wodi zilizokuwa na fujo zikatulia. Lakini tarehe 19 Februari 1868, Agnes Jones alifariki kwa homa ya tifasi aliyoipata kazini. Alikuwa na miaka 35. Florence aliumia sana, akaandika makala ya kumsifu na kuwaita wasichana wengine waje kuchukua nafasi yake. Mpango wa Liverpool haukufa pamoja naye. Wakubwa wa mji walikuwa wameshaona faida yake, wakaendelea nao.

Alichokipata na alichokikosa

Florence alitaka zaidi ya majaribio ya mji mmoja. Aliwaeleza wakubwa kwamba maskini akishaugua, si tena suala la uvivu ao la adhabu. Ni mgonjwa kama wengine. Alidai watenganishwe: wagonjwa, wazee dhaifu, wenye ugonjwa wa akili na watoto, kila kundi lipate huduma yake. Alidai pia gharama zigawanywe kwa mji mzima, ili mtaa maskini usibebe mzigo peke yake.

Bunge lilipitisha sheria ya London kunako 1867. Ilifungua njia ya hospitali za maskini zilizo mbali na nyumba zenyewe, na ya mfuko wa pamoja. Juu ya mafunzo ya wauguzi haikusema ya kutosha, naye Florence alisikitika. Aliichukua kama mwanzo tu. Mwaka 1879 wanawake wengine walianzisha chama cha kufundisha na kutuma wauguzi katika nyumba za maskini. Ni mwaka 1897 tu ndipo amri ya serikali ilikataza maskini wa ndani kutumiwa kama wauguzi. Tangu barua yake kwa Villiers, ilikuwa imepita miaka zaidi ya 30.

Mwaka huohuo wa 1897, upande wetu wa Afrika, daktari Albert Cook alifungua hospitali ya Mengo, Uganda. Kati ya wale aliofika nao alikuwemo muuguzi Katharine Timpson, aliyekuja kuwa mke wake na baadaye akasimamia mafunzo ya wakunga wenyeji. Ule mtindo wa kumfundisha muuguzi ndani ya wodi, chini ya msimamizi, ulifika namna hiyo hata kwenye nchi za maziwa makuu.

Kuna kazi nyingine ambayo Florence na Rathbone waliisukuma: muuguzi anayemfuata mgonjwa nyumbani. Kunako 1887, feza zilizochangwa kwa heshima ya malkia Victoria zilitumiwa kwa mpango wa nchi nzima wa wauguzi wa namna hiyo. Wazee waliopenda kubaki kwao, badala ya kupelekwa kwenye nyumba ya maskini, walinufaika nao.

Cheti si mwisho wa masomo

Kuanzia 1872 mpaka 1900, Florence aliwaandikia wanafunzi wa shule yake barua ndefu, karibu kila mwaka. Kuna jambo moja alilolirudia. Muuguzi ambaye haendi mbele anarudi nyuma. Hakuna kusimama katikati. Aliwaambia kwamba mwaka mmoja wa shule unamfundisha mtu namna ya kujifunza tu, na kwamba yeye mwenyewe, katika uzee wake, alijiona bado mwanafunzi.

Wazo hilo lilimletea pia ugomvi. Mwaka 1887 kilianzishwa chama cha wauguzi wa Uingereza, kilichotaka majina ya wauguzi wote waliofaulu mtihani yaandikwe katika daftari moja rasmi. Florence alipinga kwa nguvu. Aliogopa kwamba mtihani utapima kichwa bila kupima mikono na tabia, na kwamba mtu akishaandikwa atalala juu ya cheti chake. Wapinzani wake walijibu kwamba bila daftari, mtu yeyote anaweza kujiita muuguzi na kuwaumiza watu. Nao walikuwa na haki. Daftari rasmi lilikuja 1919, miaka tisa kisha kifo chake, na leo karibu kila nchi ina lake. Hata Kongo iko na chama rasmi cha wauguzi, kile kinachoitwa Ordre.

Hilo si kosa lake pekee. Kwa muda mrefu alikataa kuamini kwamba magonjwa yanaletwa na vijidudu. Alifikiri ni hewa chafu. Alibadilika polepole, akiwa mzee tayari. Aliwapenda waliomfuata na aliwachosha vilevile, kwa sababu alidai watumike kama yeye, bila kupumzika.

Mzee naye

Kisha uzee ukamfikia yeye mwenyewe. Kuelekea 1900 macho yalianza kufa, akashindwa kusoma na kuandika. Kisha kumbukumbu ikapungua. Mwanamke aliyekuwa amewapangia wengine wauguzi kwa miaka 40 sasa alihitaji muuguzi wa kumvalisha na kumlaza. Mwanzo hakutaka. Inasimuliwa kwamba usiku, muuguzi akishamfunika vizuri na kwenda kulala chumba cha pili, mzee Florence aliamka, akaingia kwake, akamfunika muuguzi blanketi.

Mwaka 1907 mfalme alimpa nishani ya Order of Merit, ambayo hakuna mwanamke aliyewahi kupewa kabla yake. Waliileta nyumbani. Hakuelewa vizuri ni kitu gani, lakini alishukuru kwa adabu. Alifariki usingizini tarehe 13 Agosti 1910, akiwa na miaka 90. Serikali ilipendekeza azikwe pamoja na wafalme huko Westminster. Familia ilikataa, kufuatana na mapenzi yake, akazikwa kijijini East Wellow, karibu na wazazi wake. Kaburini hakuna jina lake zima, ni herufi mbili tu, F na N, pamoja na miaka yake.

Kutoka Liverpool mpaka Fizi

Uingereza ya wakati ule haifanani na Fizi ya leo. Huku mzee ni wa familia, na kumpeleka kwenye nyumba ya wageni wasiomjua ni aibu kwa wengi. Lakini vita na kukimbia vimevunja mambo mengi. Vijana wanakimbia na watoto mgongoni; mama mzee asiyeweza kutembea anabaki, ao anafika kambini bila mtu wake. Wengine wamekwenda kutafuta dhahabu ao kazi mbali, na mzee anabaki na mjukuu wa miaka kumi. Akiugua, wa kumwangalia ni muuguzi wa kituo cha afya, yule watu wanaita IT, pamoja na RECO wa kijiji.

Semina zinazofika kwa wauguzi hao zinagusa kipindupindu, malaria, surua, utapiamlo na uzazi. Ni haki, kwa sababu hayo yanaua watoto na akina mama kila siku. Lakini mwili wa mzee una dalili zake. Mzee anaweza kuwa na nimonia ao maambukizo ya mkojo bila homa kali. Alama ya kwanza inaweza kuwa kuchanganyikiwa tu, ao kuanguka. Dawa inayomfaa kijana inaweza kumzidi nguvu yeye. Anayelala siku nzima ahitaji kugeuzwa kila baada ya saa chache, kukaushwa, na kuangaliwa ngozi kiunoni, visigino na mgongoni. Mambo haya hayahitaji mashine. Yanahitaji mtu aliyefundishwa, na anayewafundisha wale wa nyumbani.

Tena kuna hatari nyingine inayojulikana Kivu ya Kusini. Mama mzee akianza kusahau, kutangatanga usiku na kusema maneno yasiyoeleweka, wapo majirani wanaotaja uchawi, na neno hilo limeshaua watu. Muuguzi aliyejifunza kwamba kuna ugonjwa wa ubongo unaoharibu kumbukumbu, na anayeweza kuueleza familia na chifu kwa maneno ya kawaida, anaweza kuokoa maisha ya mtu kabla kundi halijakusanyika.

Katiba ya Kongo ya 2006, katika kipengele cha 49, inasema kwamba watu wazee na wenye ulemavu wana haki ya kulindwa kufuatana na mahitaji yao. Ili haki hiyo imfikie mzee wa Mboko, wa Lweba ao wa milimani, lazima ipitie mikononi mwa mtu fulani. Kwa kawaida mtu huyo ni muuguzi mmoja, aliyemaliza shule miaka mingi iliyopita, na ambaye tangu siku hiyo hajaitwa kujifunza lolote juu ya wazee. Florence Nightingale angeuliza kwanza ni nani anayepanga semina ya kituo hicho, na mzee yuko wapi kwenye programu. Wakubwa wa zoni za afya na mashirika yanayowasaidia wanaweza kuulizwa vilevile leo, bila kungoja tarehe 12 mwezi wa tano.